Shule Ilipohamia Mbalamwezi

Jumamosi nilikuwa nafika ufukweni kabla ya mtu yeyote, filimbi shingoni kama refa wa mechi iliyoahirishwa. Nilitandaza jaketi okozi kwenye mchanga, nikasimamisha milingoti ya mashua zetu mbili, kisha nikakaa kusubiri wanafunzi. Kuna Jumamosi walijaa wakagombania usukani. Kuna Jumamosi hakuja hata mmoja, na zile jaketi, zimelala kifudifudi, zikafanana na darasa lililosinzia kabla sijafungua mdomo.

Tulikuwa watatu wa kujitolea. Alikuwapo muuguzi mstaafu, mama wa Ujiji anayeheshimiwa hata na mawimbi. Alikuwapo mzee aliyewahi kushika usukani wa meli. Halafu mimi, ofisa niliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma na shahada mbili, hakuna hata moja inayoelea. Kuendesha tanga nilifundishwa na yule mzee, ambaye alinisifu mara moja tu, siku niliyokaa kimya. Wanafunzi wetu walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne na bado hawajui waendako. Katika ziwa ambalo kila mwenye akili anatafuta injini, sisi tulifundisha tanga, kwa sababu injini huzimika katikati ya maji, na anayejua kutweka hata turubai hurudi kwao.

Hiyo ndiyo sababu tuliyowaambia watu. Yangu ilikuwa nyingine. Mimi na mke wangu tuliachana kwa adabu kubwa, kama watu wanaopishana mlangoni. Binti yetu yuko chuoni Dar es Salaam na hujibu ujumbe wangu kwa picha ya kidole gumba. Nyumba niliyopanga ina vyumba vitatu. Viwili sijui vinafanya nini. Siku za kazi zina ofisi, Jumapili ina kanisa. Jumamosi ilikuwa na mashua, na ndiyo siku pekee ambayo mtu angeweza kuniuliza, "Mbona umechelewa?"

Asubuhi moja ya ufuko mtupu, muuguzi alikuja akazitazama jaketi zangu.

"Unamsubiri nani, baba?"

"Wanafunzi."

"Giza hili? Waje wakiwa wamelala?"

Giza, huku, ni zile siku ambazo mwezi hauna nguvu. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji meusi, dagaa huufuata mwanga, na mitumbwi hurudi alfajiri. Mwezi ukijaa, taa hazina maana tena. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, watu hunyoa nywele, harusi hufungwa. Hiyo ndiyo mbalamwezi, mapumziko ya ziwa zima. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua. Nimenunua dagaa pale sokoni Katonga kiasi cha kutosha kujua ni lini huadimika. Lakini ratiba ya shule niliitunga mimi, nikaifuatisha kalenda ya ofisini, na vijana wasipokuja nikatoa hotuba juu ya nidhamu.

Mwezi ulipojaa tukakaa kikao, vijana wakiwapo, juu ya mashua iliyopinduliwa. Alisimama msichana mmoja, stadi kuliko wote wa kupanda dhidi ya upepo, yaani kuipeleka mashua mshazari huku na huku.

"Mwalimu, kaka zangu wanatoka ziwani alfajiri. Mimi na mama tunapokea, tunaanika mpaka jua la utosi. Wewe huku unapiga filimbi. Tunaisikia."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tuliona unaifurahia."

Wakacheka wote. Kijana mmoja akadakia, "Kwani kwenu Dodoma mnavua usiku au mchana, mwalimu? Hilo vumbi?"

Pendekezo likawa kwamba shule iufuate mwezi: siku tatu za mbalamwezi, mfululizo, ziangukie popote katika juma. Mzee akaafiki. Muuguzi akaafiki. Kisha wakanigeukia mimi, maana tangu mwanzo tulipatana kwamba jambo halipiti bila wote watatu. Walijua, nami nilijua. Wao ni wastaafu; mimi asubuhi natakiwa nionekane ofisini. Kama ningekubali, ningekuwa mwalimu wa shule ninayoiona kwa nadra, na Jumamosi zangu nyingi zingebaki mchanga mtupu.

"Kama hutaki, sema," muuguzi alisema. "Hatutakununia."

"Tutamnunia kidogo," mzee akasema.

Ningeweza kusema hapana. Hoja nilikuwa nazo, msomi hakosi hoja: usalama, usimamizi, idadi ya watu wazima majini. Nilizipanga kichwani moja baada ya nyingine, na zilipendeza. Kisha nikawatazama vijana wale, wamepumzika, macho maangavu, wamekuja wote. Nikainua mkono.

Mbalamwezi iliyofuata, siku zetu tatu ziliangukia katikati ya juma. Ofisi yetu iko mlimani, na dirisha la chumba cha mikutano linaitazama ghuba. Mtu alikuwa anasoma taarifa ya utekelezaji nilipoona tanga moja likitoka, kisha la pili. Yalipanda dhidi ya upepo, yakageuka pamoja, yakarudi. Nilitafuta kosa, ili baadaye nipate la kumwambia mtu. Halikuwapo. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Giza liliporudi, Jumamosi ikafika vilevile, nami nikaenda ufukweni. Mashua zetu zinahitaji watu wawili, mmoja wa usukani na mmoja wa tanga, kwa hiyo nilikaa ndani ya moja, hapo hapo mchangani, nikikomba maji ya mvua kwa kopo. Yule msichana akapita na beseni la dagaa kichwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Si ni giza leo?"

"Ni giza. Ni Jumamosi pia."

Alisimama kidogo, akaitazama mashua, akanitazama mimi ndani yake. Angecheka, ningemshukuru.

"Pole," akasema, akaenda kuliwahi jua.