Leso Kwenye Kabureta

Kila nikinusa petroli iliyochanganyika na sabuni ya kipande, mimi hucheka peke yangu, na anayenitazama hudhani nimerukwa na akili. Ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tano, na neno kaunti lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu. Tuliishi mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo. Shangazi Akiru, dada mdogo wa Baba, alikuwa anaolewa, na alikuwa ameapa kwamba ataenda kanisani Ngaremara kwa pikipiki ya marehemu Babu au haendi kabisa. Kichwa kigumu hicho! Babu alikuwa mchanja ng'ombe, akizunguka vijijini kuwadunga chanjo, na kila asubuhi kabla hajaiwasha pikipiki yake, Nyanya alimfungia leso shingoni kukinga vumbi. Tangu alipofariki, mashine ile haikuwa imenguruma. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imeoza.

Baba alikuwa fundi kule Bulla Pesa. Alichakura vyuma kuukuu akarudi na mfuko wa kabureta, akazisugua kwa mswaki na petroli, nami nikamsomea namba zilizochongwa ubavuni, maana namba ndiyo husema kabureta ni ya mashine gani. Moja ilipatana. Alipoifunga tu, Nyanya akaja na kipande cha leso akakikaza kwenye mdomo wa kabureta unaovuta hewa.

"Hii vumbi ya Isiolo itaua hiyo kitu," alisema.

Nyanya alifunika kila kitu, hata redio, kwa hiyo Baba hakubisha. Akaanza kuirekebisha, skrubu hii kidogo kulia, ile kidogo kushoto, sikio limeinama, hadi injini ikaacha kukohoa na kutulia kama paka aliyeshiba. Nilifurahi nikaruka hadi ndala zikakatika. Nyanya alisikiliza mlio ule akiwa amefumba macho.

Siku ya harusi, Shangazi akiwa ameshapanda na shela lake, Baba aliipiga teke. Ikalipuka mara mbili, pa, pa, ikazima. Akapiga tena, ikazima tena. Majirani walianza kunong'ona. Shangazi alianza kulia, wanja ukamtiririka, nami nikalia kwa kumwonea huruma. Nilipogeuka kupangusa macho, nikakiona kile kipande cha leso kikipepea kwenye kamba ya nguo.

"Baba, leso!"

"Mama, ulitoa hii kitambaa?" Baba aliuliza.

"Niliosha," Nyanya alijibu bila wasiwasi. "Mtu anaenda harusi na kitambaa imejaa vumbi?"

Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Kumbe Baba alikuwa ameipimia kabureta pumzi ikiwa imezibwa na leso, na sasa hewa ilikuwa imezidi. Jua lilikuwa limeshaikausha leso. Baba aliileta, lakini hakuifunga mwenyewe. Alimpa mama yake kwa mikono miwili.

"Funga wewe, Mama."

Nyanya aliifunga taratibu, akaunyoosha ukingo wake kwa kidole. Teke moja, ikanguruma, na vigelegele vikaifuata hadi barabara kuu.

Siku hizi nami ni fundi wa kabureta, na najua jambo ambalo sikulijua nikiwa na ndala mbovu pale uani. Baba angeweza kugeuza skrubu kidogo tu wakaondoka bila kile kitambaa. Alilijua hilo vizuri sana. Lakini alimwacha mama yake amfungie mumewe leso mara nyingine, ili ampeleke binti yao kanisani.