Kona Kavu ya Nyumba ya Mama

Mama alikuwa na nyumba ya vyumba viwili huko Usenge, karibu na ufuo, mahali ambapo harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa haikuachi hata ukiwa kanisani. Paa lilikuwa limeoza kwa kutu. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka kila mahali isipokuwa kona moja, na katika kona hiyo kavu Mama hakulala. Alikuwa amempa bibi kizee mmoja asiye na mtoto wala shamba, aliyemkuta ufuoni akiokota omena walioanguka mchangani. Mama mwenyewe alilala upande wa pili, beseni likiwa miguuni pake.

"Nyathina, mwanangu, huyu hana mtu," aliniambia nilipokasirika. "Mimi niko na nyinyi."

Alikuwa na sisi, ndiyo. Mimi niliuza vitambaa Kisumu na kuishi huko huko, mtaa wa Kaloleni, na mume wangu. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa amepanga nyumba Kisian, na kila Jumapili alisimama mbele ya waumini akihubiri juu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Alihubiri vizuri mno. Watu walitoa leso kufuta machozi.

Nilinunua mabati nikayapeleka Usenge. Kaka alifika siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni na Biblia kwapani.

"Dada, wewe umeolewa. Msichana hajengi kwa baba yake. Mimi kifungua mimba ndio nafungua njia, nijenge yangu hapa bomani kwanza, halafu ya Mama. Ukipiga msumari moja hapa, chira itamaliza watoto yangu."

Chira ni laana ya kuvunja mila. Humkondesha mtu mpaka azikwe. Nilimuuliza kama imeandikwa katika hiyo Biblia aliyobeba. Akasema sina adabu. Nikamuuliza basi atajenga yake lini. Akasema Mungu akipenda. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakubaliana naye. Husemwa penye wazee hapaharibiki neno, na kweli neno halikuharibika. Paa ndilo lililozidi kuharibika.

Mabati yakaegemezwa nyuma ya nyumba. Kuku wakaanza kutaga chini yake.

Nilimsihi Mama aje Kaloleni. Alinitazama kama niliyemtukana. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye, na hakuwa tayari kuanza aibu hiyo uzeeni. Nikamwomba basi walau abadilishane kona na yule bibi. Hapo alinikasirikia kweli. Kitu ukishampa maskini, alisema, huendi kumnyang'anya kwa sababu mvua imenyesha.

Msimu ule wote nilimchukia kaka yangu. Niliimba kanisani nikiwa na chuki hiyo, nikapokea meza ya Bwana nikiwa nayo, na sikuona aibu.

Mvua za masika zilipokolea, kifua kilimbana Mama. Alikohoa mpaka sauti ikakauka, na tulipomfikisha hospitali Kisumu, daktari alitikisa kichwa tu. Alifia pale, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiuliza kama yule bibi amekula.

Nilipotangulia Usenge kuandaa matanga, niliwakuta mafundi juu ya paa. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja, na mwili lazima ulazwe ndani ya nyumba yake. Wazee walikuwa wamekaa tena, wakaamua kwamba kubadilisha mabati si kujenga, ni kurekebisha. Mabati yenyewe yalikuwa yale yangu, yamepanguswa mavi ya kuku.

"Na chira?" nilimuuliza kaka.

"Hii ni ya matanga, dada," alisema bila kuniangalia. "Matanga iko na sheria yake."

Jeneza liliwekwa pale kilipokuwa kitanda cha Mama. Alasiri mvua ikaja kutoka ziwani, nzito, ikayapiga mabati mapya hadi waimbaji wakanyamaza. Yule bibi akainuka kutoka kona yake. Akachukua beseni kama alivyozoea, akaliweka chini, miguuni pa Mama. Hakuna aliyemzuia. Mimi na kaka tulikaa tukilitazama beseni lile mpaka mvua ikaisha. Halikupata hata tone moja.