Shikamoo ya Mama

Mama yangu mzazi hunipigia goti. Hushika ukingo wa meza, huinama taratibu kwa sababu magoti yanamuuma, kisha husema, "Shikamoo." Mimi, niliyetoka tumboni mwake! Mara ya kwanza nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Alibaki ameinama akisubiri, mpaka nikamshika kwapani nikamwinua.

Daktari alishatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utambadilisha maneno na tabia kidogo kidogo. Kusahau nilikuwa nimejiandaa nako. Kwa hayo mengine hakuna aliyeniandaa. Mama ambaye hakuwahi kutukana hata kuku aliyeingia jikoni, sasa anamwita mume wangu mwizi wa mbuzi. Miiko anaificha kwenye ndoo ya unga. Kiswahili kinamtoka, amebaki na Kifipa chake, ila majirani wa hapa mtaani Chanji wakipita nje Kiswahili kinarudi chote, fasaha kabisa, ili awaambie kwamba nyumba hii inamnyima chakula. Amemaliza kula sasa hivi, mchuzi bado uko kidevuni! Jirani mmoja ameshanishauri nimpeleke kwa mganga. Mwingine ameacha kunisalimia.

Yote hayo niliyazoea kama tunavyozoea baridi ya huku kwetu, yaani kwa kulalamika. Shikamoo ndiyo iliyonishinda, kwa sababu nisipoitikia, mama hali.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tena kwa fimbo, kwamba mtu akikusalimu usipomwitikia umemfukuza. Kwa hiyo nikimwambia, "Mama, inuka jamani, usinifanyie hivi," anaelewa jambo moja tu: mwenye nyumba hanitaki. Anasukuma sahani. Ugali wa ulezi anaoupenda unapoa, maharage yanaganda, na vidonge vya presha hawezi kumeza na tumbo tupu. Sketi yake sasa inashikiliwa na pini.

"Si umwitikie tu, ale," mume wangu alisema.

Rahisi kwake. Kuitikia shikamoo ya mama aliyekuzaa ni kujitafutia laana, na kama ningesahau hilo, nilikuwa na kaka yangu wa Namanyere wa kunikumbusha kila siku kwa simu. "Thubutu uitikie! Vumilia, mdogo wangu. Mama ni mmoja." Kuvumilia kwa simu ni kazi nyepesi sana. Nilimwambia aache mahubiri, apande basi aje aone.

Akaja Jumapili baada ya misa, amevaa koti lake la kanisani. Kaka yangu ni mzee wa kigango. Huko kwao hapiti njiani bila watoto kumwamkia. Aliingia sebuleni akinihutubia, huku ameinama anafuta vumbi la viatu. Mama akatokea jikoni, akapiga goti nyuma yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, hujambo?" kaka akajibu, bila hata kugeuka.

Kisha akageuka. Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta pa kujificha kwenye sebule ya watu. Lakini mama alikuwa ameshainuka, uso umekunjuka, anaomba maji ya kunawa. Akala ugali wote, akaomba maharage mengine. Nilimcheka kaka yangu mpaka mbavu zikaniuma, na ndani ya kicheko hicho mlikuwa na hasira ya miezi mingi. Nilimngoja anihutubie tena. Akasema tu, "Amekonda sana." Kesho yake asubuhi akapanda basi akarudi kwao.

Siku hiyo mama hakula mchana. Jioni nilipompelekea sahani aliisukuma tena, akaniambia kwa Kifipa, kwa ukali, "Nina binti yangu hapa mjini. Akijua mnavyonifanyia, atakuja kunichukua."

Hapo uvumilivu uliniisha. "Binti gani, mama? Ni mimi! Ni mimi hapa!" Nilipiga kelele, nadhani hata majirani walisikia, na safari hii walikuwa na cha kusimulia. Mama alirudi nyuma mpaka ukutani. Alinitazama kwa hofu, kisha akafanya kile anachofanya mtoto mwenye adabu akigombezwa na mkubwa. Alishika meza, akainama.

"Shikamoo."

Nilisimama pale na sahani mkononi. Nilimchukia kaka yangu, nikauchukia ugonjwa huo, nikaitazama ile pini kwenye sketi.

"Marahaba," nikasema.

Akainuka mwenyewe. Akanawa, akakaa, akala. Alipofika katikati ya sahani alinitazama kwa huruma, kama mgeni anayeona mwenyeji wake amechoka.

"Binti yangu akija," akasema, "nitamwambia umenitunza vizuri."

Nikamsogezea maharage. Nikamwambia ale tu, binti yake yuko njiani.