Mtende wa Eeddo Habiba

Juzi nilifungua mfuko wa unga, vumbi lake likanipanda puani, nikasimama pale jikoni na kijiko mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Chakula kilichelewa na watoto wangu wakalalamika, lakini mimi nilikuwa nimeshafika Garissa, uani kwa Eeddo Habiba, chini ya mtende wake.

Eeddo kwetu ni shangazi, dada ya baba. Nilipelekwa kwake kutoka Takaba baada ya ukame kutumalizia mifugo, baba akaona heri mmoja wetu apate chakula na shule. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nikapandishwa basi na kifurushi cha nguo, nikakuta joto la kumkaanga mtu na watoto waliocheka Kisomali changu cha kwetu kila nilipofungua mdomo. Basi nikaacha kuufungua. Jioni nilikaa chini ya mtende nikausimulia mambo yangu yote, maana huo angalau haukunicheka.

Eeddo naye alikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikujua mtu mzima anaweza kuwa mpweke. Mume wake, Adeer Bare, yaani ami Bare, alikuwa na lori, na huko Dadaab alikuwa ameoa mke wa pili kwa sababu Eeddo hakumzalia. Garissa alikuja mara moja moja, akanywa chai, akauliza hali ya nyumba, akaondoka. Mtende ule Eeddo aliupanda mwaka wa harusi yake. Kila msimu makarara yake, yale magamba marefu yanayofunika maua, yalipasuka, na maua meupe yakaning'inia kama nyuzi za shanga. Baada ya hapo vikatokea vitunda vya kijani visivyo na kokwa, vikasinyaa, vikapukutika. Mimi ndiye niliyefagia.

Wanawake waliokuja kuteka maji kwenye bomba letu waliuita mtende tasa. Walisema kwa sauti ya kusikika, tena wakimtazama mwenye mtende. Eeddo alijifanya anahangaika na jiko. Alikuwa ameshafanya kila kinachofanywa: alifukiza uunsi, udi wetu ule mtamu, shinani pake ili kuondoa kijicho, akamwita sheikh akasomea maji, tukayamwaga kwenye mizizi. Mti ukayanywa maji ya dua, na tende hatukuziona.

Mwaka huo Adeer Bare aliuzunguka mtende, akaupigapiga kwa kiganja kama anayemkagua ngamia sokoni.

"Huu unakula nafasi bure," alisema. "Msimu huu usipozaa naukata, najenga stoo."

"Haya," alijibu Eeddo, basi. Mimi nilikimbilia ndani nikaliloanisha godoro kwa machozi. Rafiki yangu wa pekee duniani anakatwa, na hata kumtetea sikuthubutu.

Siku chache baadaye alilala kwetu Shamsa, rafiki wa Eeddo tangu usichana, akitoka Mandera kwenda Nairobi kutibiwa macho. Kwao Mandera, kando ya mto, watu wana mashamba ya mitende. Macho mabovu hayohayo aliyainua juu, akayakaza kwenye maua, kisha akacheka hadi chai ikamwagikia mkeka.

"Habiba! Dume lake liko wapi?"

"Dume la nini?"

"La mtende, walaal, ndugu yangu! Huu ni jike. Jike peke yake atazaa na nani, na ukuta?"

Akatueleza kwamba mitende ina majike na madume, kila mmoja na mti wake. Ua la dume lina vumbi, chavua, na vumbi hilo lazima lifike kwenye ua la jike ndipo tunda lishike. Kwao hawaungojei upepo. Watu hupanda juu wakalifunga ua la dume ndani ya shada la jike.

Nasi ni wafugaji, jamani! Mbuzi wasiposhika mimba, wa kwanza kuulizwa ni beberu. Tunamjua kwa jina, kwa ukoo na kwa utundu wake. Lakini mti ulipokosa kuzaa, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza dume. Shamsa alicheka peke yake.

Shamsa alipiga simu kwao papo hapo. Ua la dume likaja na basi, limefungwa kwenye gazeti, na tulipolifungua ilitoka harufu ile ya unga mbichi. Eeddo aliazima ngazi, akaniambia niishikilie, akapanda akisema Bismillahi. Kwenye kila karara lililokuwa limepasuka karibuni akachomeka vijiti vya maua, akafunga, akatikisa. Vumbi la manjano likaniangukia nyweleni na kwenye kope, nikapiga chafya hadi ngazi ikatetemeka. Eeddo akacheka huko juu. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo.

Safari hii vitunda vilishika. Vikanenepa, vikawa vya manjano, vikaiva. Wanawake wa bombani wakaanza kuomba za kuonja. Adeer Bare alipokuja alipewa sahani nzima. Alikula, akaitemea kokwa kiganjani, akaitazama.

"Mashallah. Kumbe mzima!"

"Ulikuwa mzima siku zote," alisema Eeddo. "Tuliutukana miaka yote hii, hakuna aliyeuliza dume. Na mimi, Bare? Mwenzangu wa Dadaab naye hajazaa. Nani ameuliza?"

Adeer aliiweka kokwa kwenye sahani, akainuka, akaacha chai yake. Nilidhani anawahi safari ya lori. Mtende ulikuwa umepona, na mimi nilijua hilo tu, nikala tende zilizobaki.

Miaka mingi baadaye niliolewa, mimba ikachelewa, na mawifi wakaanza kunitazama tumbo. Nilimpigia Eeddo simu nikilia. Hakunipa pole.

"Mume wako naye amepimwa?"

Nilicheka kwa kwikwi. Yeye hakucheka. Nilisikia bomba likitiririka uani kwake, nikaelewa kwamba alipokuwa na umri wangu hakuwa na mtu wa kumpigia.