Lori Langu na Mnada wa Mavuno

Harufu ya plastiki inayoungua bado huniwasha puani, na kila ninapoisikia hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni hasira ya nini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Sombetini, katika nyumba ambayo baba alikuwa akiijenga chumba kwa chumba, na likizo ile yote niliitumia kando ya jiko la mkaa, nikipasha kisu na kukata dumu la njano la mafuta ya kula. Mama alinikemea kwamba nitamaliza visu vya nyumba nzima. Kisha alikuja kusimama nyuma yangu, pua ameiziba kwa kanga, kuangalia nimefika wapi.

Nilikuwa naunda lori la rimoti. Mama alikuwa amelikuta gari la kuchezea kwenye mitumba ya soko la Kilombero, bodi yake imepasuka vipande, tairi moja la mbele halipo, lakini rimoti ipo, na ukiibonyeza mota inalia. Nikueleze nilivyofanya, maana mtoto yeyote mwenye subira ataiweza kazi hii. Kwanza nilitoa bodi yote nikabaki na chasisi. Nikaikata katikati, nikairefusha kwa kipande cha alumini walichobakisha mafundi wa madirisha, na nyaya nikaziongeza zifike. Tairi lililokosekana nililichonga kutoka kwenye soli ya kandambili. Ikabaki bodi. Nilitaka uso bapa wa yale malori yanayoshusha ndizi sokoni, na dumu lina pande bapa, kwa hiyo nusu ya kazi lilikuwa limeshanifanyia. Vioo nilivikata kwenye chupa ya maji.

Bodi ya kwanza ilinishinda. Lori lilikwenda mbele vizuri, likagoma kukata kona, na nililia mchana kutwa nikidhani nimeua mota ya usukani. Kumbe bodi ilikuwa imeyalalia matairi ya mbele na kuyabana. Hapo nilijifunza jambo ambalo hadi leo nawaambia watoto wanaokuja kwenye karakana yangu: bodi haikai juu ya tairi, inakaa juu ya nguzo zake, na tairi lazima lipate nafasi ya kugeuka hata gari likipanda jiwe. Nikalikwangua dumu kwa kipande cha chupa ya kioo mpaka likawa jepesi, nikalisimamisha juu ya vipande vinne vya kalamu zilizokwisha wino. Likakata kona! Lilizunguka ua wote, likapita chini ya nguo zilizoanikwa, na jogoo wa jirani akarukia ukutani. Nyuma, pale ambapo madereva huandika maneno yao, niliandika kwa rangi ya kucha ya mama: MALI YA AIKA.

Kwa wasiojua desturi yetu, Jumapili ya mavuno kila mtu hupeleka kanisani alichovuna, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani. Waliotoka miteremko ya Meru walileta mikungu ya ndizi, maharage, kuku waliofungwa miguu. Sisi wa mjini tusio na shamba tulipeleka sukari na sabuni, na baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alilionea haya jambo hilo. "Mkono mtupu haulambwi," alizoea kusema. Asubuhi ya mavuno mwaka ule niliamka nikakuta lori halipo juu ya sanduku langu. Nililiona tena mbele ya madhabahu, kati ya mkungu wa ndizi na trei ya mayai. Ibada nzima sikusikia neno hata moja.

Uwanjani, mpiga mnada alilinyanyua juu. "Jamani, hili halili majani wala halinywi dizeli!"

"Linabeba mkungu?" mama mmoja akauliza.

"Linabeba sadaka yako, mama. Ongeza basi!"

Watu walicheka, lakini hawakupanda bei. Ndipo baba alipoingiza mkono kwenye koti na kutoa rimoti. Alinipa. "Aika, mama, hebu waonyeshe."

Nami nikawaonyesha. Hapa ndipo panaponichoma kuliko pote. Nililipitisha kati ya viatu vya watu, nikalizungusha kando ya kuku waliolala chini, nikalirudisha kinyumenyume hadi miguuni pa mpiga mnada. Watu wakapiga vigelegele na bei ikapaa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mimi nilitunzwa makofi, na lori likachukuliwa na mzee mmoja mstaafu wa Sekei. Baba akasema, "Mkabidhi mzee rimoti." Nikamwamkia shikamoo, nikaitoa kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Nyumbani nilimuuliza baba mbona hakuniambia. Alishangaa, na hakuwa akijifanya. "Kukuambia nini? Kilichomo humu ni cha nyumba hii. Umemtolea Mungu, utabarikiwa." Lakini mimi sikumtolea Mungu kitu. Ametoa nini mtu aliyeamka akakuta kitu chake kimekwishachukuliwa? Angeniuliza, pengine ningekubali, na ile ingekuwa sadaka kubwa kuliko mikungu yote. Baba alininyang'anya lori, na pamoja nalo akaninyang'anya nafasi ya kulitoa.

Mwaka uliofuata nilikwenda na mama kumjulia hali yule mzee. Lori lilikuwa juu ya kabati la vyombo, limewekwa kwenye kitambaa cha kufuma, maandishi yangu yameelekezwa ukutani. Wajukuu zake walikatazwa kuligusa. "Nalitunza lisivunjike," aliniambia kwa fahari. Nililiinua nikachungulia chini: betri hazikuwa zimetolewa tangu siku ya mnada. Zilikuwa zimeoza ndani, maji yake yametafuna nyaya nilizoziunga kwa mikono yangu. Nilikunywa soda niliyopewa, nikashukuru.

Ndugu zangu huniambia yaliyopita si ndwele. Baba sasa ni mzee, anaishi kwangu, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kumkatia kucha. Binti yangu Nuru ameunda lori lake mwenyewe, refu kuliko langu, lenye taa zinazowaka. Jumamosi moja, kesho yake ikiwa mavuno, baba alilitazama kwa muda, akasema, "Hili lingefaa sana mnadani."

Bisibisi ilinigandia mkononi. "Muulize mwenyewe, baba."

Alinitazama. Kisha akaegemea mkongojo wake, akainama. "Eti mjukuu wangu, tulipeleke?"

"Hapana, babu. Bado nalichezea."

"Haya," akasema, akaomba chai yake. Kesho yake tulipeleka sukari.

Mtu angedhani nilifurahi. Baada ya jibu lile nilitoka nikasimama nyuma ya karakana. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtetea moyoni: wazee wa wakati ule hawakulelewa kumuuliza mtoto, asingeweza kutoa asichokuwa nacho. Kumbe alikuwa nacho. Swali lile lilimgharimu pumzi moja, na hata chai yake haikupoa.