Pini ya Goti la Afande

Juzi, nikiwa kwenye karakana moja ya Nalufenya, Jinja, aliingia afande mstaafu kutoka Mbale akichechemea. Pini ya goti la mguu wake wa bandia ilikuwa imelika tena. Miaka yote fundi mzee wa karakana hiyo humkerezea nyingine kwa mkono, nayo hudumu miezi michache.

Safari hii fundi alitumia mashine mpya, ndogo kama kabati, inayokereza na kutoboa chuma kwa mkupuo mmoja. Pini ikafungwa. Afande akatembea hadi mlangoni na kurudi bila kuchechemea.

“Hii haitalika upesi,” fundi akasema, akijifuta mikono polepole. “Hutanihitaji tena, afande.”

Afande akavuta kiti, akaketi. “Kwani mimi nakuja hapa sababu ya pini peke yake, bwana?”

Niliondoka nikiwahesabu watu ninaowatembelea kitu kikiharibika tu.