Kaka Yangu Alimwambia Afisa Kwamba Kwangu Hakuna Mtu

Admin, tafadhali ficha jina langu, watu wa kwetu ni wengi humu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bumula, nina mke na watoto wawili. Shule niliachia darasa la saba. Tunaishi chumba cha kupanga hapa Tuwan, Kitale, na kazi yangu ni kibarua cha kusimamisha maghala ya chuma, yale marefu ya kuhifadhia mahindi. Jioni nikishuka kutoka juu, vidole haviwezi hata kufungua vifungo vya shati. Nimevumilia kwa sababu moja tu: marehemu baba alitugawia shamba mimi na kaka yangu mkubwa, na kipande changu ndipo nilipopanga kuijengea familia yangu.

Kipande hicho kimepakana na kiwanda cha sukari nguru. Zamani kilikuwa kibanda tu. Siku hizi mwenyewe amepanuka, anataka kusimamisha bomba la moshi la chuma, refu kuliko mti wowote pale kijijini. Majirani walilalamika, kaunti ikatuma afisa wa mipango aje kupima. Alivyotueleza, bomba kama hilo lazima likae mbali na nyumba za watu, ili hata likianguka lisimfikie mtu.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Afisa akapima hadi kwa mama, akasema ni sawa. Akapima hadi kwa kaka, sawa. Kipande changu akakiruka.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapa kuna nini?"

"Ni kwangu. Bado sijajenga."

"Ndugu yangu, sisi hupima nyumba. Hiyo iliyo kichwani mwako nitaiwekea futi wapi?"

Watu wakacheka. Jirani mmoja akapaza sauti, "Huyu bana hujengea mahindi ya watu nyumba kule Kitale, na yeye mwenyewe hata choo hana!" Wakacheka tena, hata wale waliokuwa wamelalamika. Hayo ningeyameza. Kilichonikata maini ni kaka yangu. Afisa alimuuliza kama kuna mtu hukaa pale, naye akajibu bila kunitazama, "Hapo hakuna mtu."

Nilimvuta kando. "Ati hakuna mtu? Na mimi ni nani?"

"Si umeulizwa nyumba? Ungejenga," akasema. "Mimi nimeahidiwa kazi ya lango hapo kiwandani bomba likisimama. Ama unataka nije Kitale nikapande vyuma na mgongo huu?"

Mgongo wake ni mbovu kweli, hilo silikatai. Na yeye ndiye anayemtunza mama, mimi niko mbali.

Nikamkimbilia afisa akiingia garini. Akaniambia bomba likishasimama, sitaruhusiwa kujenga hapo tena, maana nitakuwa nimelifuata mwenyewe. Lakini atarudi wiki ijayo kumaliza kupima. "Nikikuta nyumba yenye mtu, nitaiandika, na bomba halitakaa hapo. Ila nyumba za kunidanganya nazijua. Hazina hata jivu jikoni."

Nyumba ya udongo si shida. Wenzangu wa kazini wamesema watakuja tuichape haraka. Shida ni huyo mtu wa kukaa ndani. Msimamizi wangu amesema nikiondoka tena, nisihangaike kurudi, vibarua wamejaa langoni. Na huo mshahara ndio tunaokula. Nikamwomba mke wangu atangulie na watoto. Akaniangalia mpaka nikaona haya. "Mimi nikalale na watoto chini ya ukuta mbichi, kando ya ndugu zako watakaonichukia, ndio wewe uhesabiwe? Na afisa akikataa kutuandika, hilo bomba tutakaa nalo?"

Kisha mama akapiga simu. Kaka alikuwa amemwambia mpango wangu. Nilisema, "Mayi, nitafutie njia," akaanza kulia. "Mwanangu, usininyang'anye mtoto aliye karibu kwa ajili ya nyumba ya mtoto aliye mbali." Akakata. Tangu hapo hapokei simu yangu.

Ndugu zangu, nimechoka. Mchana kutwa niko juu nafunga bolti, na nikitazama chini naona mapaa ya watu, kila mtu na lake. Nikijenga na kukaa humo mwenyewe, kibarua kimekwisha, kaka atakosa kazi na mama atanihesabu adui. Nisipojenga, sina mahali pa kumrudisha mke wangu nikizeeka, wala pa kuzikwa. Wenzangu wanataka jibu kabla ya Jumamosi ili tubebe miti na kamba. Nyinyi mliogawiwa mashamba na ndugu zenu, mngekuwa mimi mngewaambia tuondoke au tubaki? Niambieni ukweli, hata kama utaniuma.